Kujenga na Kupaka Rangi Kichwa cha Treni cha Brasi: Mwongozo Kamili

Kichwa kidogo cha treni cha brasi, yaani modeli ya mezani, hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Chasisi kwanza, na kazi nyingine isiguswe mpaka chasisi hiyo iserereke yenyewe juu ya kioo kilichoinamishwa kidogo, bila mota na bila kusukumwa. Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na boila na kibanda cha dereva kwa sababu ndivyo vinavyopendeza, picha inapigwa, marafiki wanasifia, halafu magurudumu yanakwama na modeli inaishia kabatini. Mwongozo huu ni kwa aliyeko Mbeya, Tukuyu, Makambako au Iringa, ambako duka la modeli hulikuti mtaani lakini sehemu kubwa ya unachohitaji iko kwa sonara, fundi simu na fundi rejeta.

Seti ya kuanzia

Mpenzi wa Tazara ana bahati. Reli hiyo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067, na upana huohuo ndio unaotumika kwenye reli nyingi za Japani. Japani nako ndiko modeli za brasi zilikokomaa: baada ya Vita Kuu ya Pili warsha zake ziliwauzia Wamarekani vichwa vya brasi kwa miaka mingi, na mpaka leo seti za kujiundia zinatengenezwa huko. Piga hesabu: 1,067 ukigawa kwa 87 unapata milimita 12 na kitu. Ndiyo maana modeli za kipimo cha 1:87, yaani zilizopunguzwa mara 87, za reli ya upana huu hutembea kwenye njia ya milimita 12. Reli ya Kati ya zamani, ile ya mita moja, inaangukia milimita 11.5, kwa hiyo njia hiyohiyo inaibeba na hakuna atakayelalamika. SGR ni habari nyingine. Milimita zake 1,435 zinataka njia ya 16.5.

Kwa seti ya kwanza nashauri kichwa kidogo cha mvuke chenye matangi ubavuni, mfano C12 ya Japani, iliyoanza kuundwa mwaka 1932. Ina magurudumu makubwa sita ya kuendeshea na jozi moja ya madogo mbele na nyingine nyuma. Urefu wake wa kweli ni mita 11.35, hivyo modeli ina takriban milimita 130, na gurudumu kubwa la milimita 1,400 linakuwa na milimita 16. Inatosha kushikika vizuri mkononi, na rangi yake ni nyeusi tupu, jambo utakalolishukuru baadaye.

Najua swali linalofuata: mbona si dizeli, wakati Tazara ilianza kazi na dizeli za China? Dizeli inaonekana rahisi kwa kuwa ni boksi. Lakini boksi refu la brasi lenye ubavu uliolala wazi halifichi kosa. Joto likizidi mahali pamoja bati linajikunja, na rangi ikishakauka kila wimbi linaonekana mwangani. Kichwa cha mvuke kimejaa mabomba, matangi na ngazi, na macho hayatulii sehemu moja. Jifunze hapo kwanza, dizeli ije baadaye.

Kabla ya kulipa, soma kwa makini kilichomo. Seti nyingi huuzwa bila mota, bila magurudumu na wakati mwingine bila gia, na muuzaji huandika hivyo kwa herufi ndogo. Maelezo yakiwa ya Kijapani usiogope: michoro ndiyo inayobeba kazi, na kamera ya simu inatafsiri maneno yaliyobaki vizuri vya kutosha. Boksi likifika, hesabu vipande na uvilinganishe na mchoro kabla hujakata chochote, kisha upige picha kila bati kubwa ambalo vipande vimeshikizwa. Kipande kikishatoka kwenye bati lake hakina namba tena, na vipande viwili vinavyotofautiana nusu milimita vitakuchezea akili.

Vifaa, na pa kuvipata

Anzia kwa fundi simu, maana Mwanjelwa, Mbeya, wamejaa. Unataka chuma cha kulehemu cha wati 60 chenye kitufe cha kurekebisha joto, na ncha bapa ya upana wa milimita 3 hadi 5. Ncha ya sindano wanayotumia kwenye simu haifai kwa kazi kubwa, kwani brasi inanyonya joto haraka kuliko ncha hiyo inavyoweza kulileta. Hapohapo utapata waya wa lehemu wa 60/40, yaani sehemu 60 za madini ya bati na 40 za risasi, vibano vyenye ncha kali na spiriti ya kusafishia sakiti. Flaksi yao, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, ya mafuta mazito ya njano usiitegemee sana: inashikisha vizuri, lakini inaacha utando unaokataa rangi.

Mkoa wenye dhahabu ya Chunya haukosi masonara. Kwa sonara utaona msumeno mwembamba wenye wembe kama uzi, tupa ndogo za maumbo yote, na jiliwa dogo la mezani. Akikuuzia seti ya tupa zilizotumika kidogo, chukua. Tupa yenye makali yaliyopungua kidogo haing'ati brasi nyembamba kwa pupa.

Wa kukufundisha kulehemu ni fundi rejeta. Rejeta za malori ya zamani ni za shaba na brasi, na anayeziziba kila siku anajua kwa macho lini kiungo kimekubali. Kaa naye nusu saa umwangalie anavyosugua, anavyopaka asidi na anavyosubiri joto. Asidi yake, ile ya chumvi iliyotulizwa kwa zinki, inafanya kazi hata kwenye modeli, ila ni kali na inaendelea kula chuma usipoiosha. Mimi napendelea flaksi ya asidi ya fosforiki iliyopunguzwa hadi asilimia 10 hivi. Unapopunguza asidi yoyote, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na asidi haikai kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata ukiwa peke yako nyumbani.

Kwa fundi vioo omba kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, kingo zikiwa zimesagwa. Hicho ndicho kipimo chako cha unyoofu. Kwa fundi matairi, risasi za kubalansia. Vibanio vya nguo vya mbao na pini za nywele utavikuta nyumbani. Vya kuagiza mbali ni vichache: biti za milimita 0.3 hadi 1, kitobozi cha kupanulia matundu taratibu, lehemu inayoyeyuka nyuzi 145 na, kama seti ina vipande vya madini meupe laini, lehemu ya nyuzi 70.

Lehemu: joto na usafi

Lehemu ya 60/40 huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 190, lakini chuma chako kiweke kati ya 350 na 380. Sababu ni kwamba unataka kuingia, kuyeyusha na kutoka ndani ya sekunde mbili au tatu, kabla joto halijasambaa na kulegeza viungo vya jirani. Chuma kilichopoa kinakulazimisha kukaa muda mrefu, na kukaa muda mrefu ndiko kunakoharibu.

Sugua sehemu zote mbili kwa msasa wa maji namba 600 mpaka zing'ae. Paka flaksi kwa brashi ndogo. Chukua lehemu kidogo sana kwenye ncha, kama kichwa cha kiberiti au chini ya hapo, gusa kiungo, tulia. Flaksi itachemka na kutoa moshi, kisha utaona mstari mwembamba wa fedha ukikimbia ndani ya ufa. Ukikimbia upande wa pili, umemaliza. Lehemu ikijiviringisha kama tone la maji juu ya jani la magimbi, tatizo ni uchafu. Kuongeza moto hakutasaidia, sugua upya. Ikienea lakini ikabaki na uso wa chengachenga, joto halikutosha au kipande kilitikisika kabla haijaganda.

Jizoeze kwenye mabaki ya bati, zile fremu zinazobaki baada ya kutoa vipande. Lehemu kumi za mazoezi zinafundisha kuliko kurasa hizi zote. Dirisha liwe wazi, usile mezani hapo, na nawa mikono kwa sabuni kila ukiinuka, kwa sababu risasi haina harufu wala haiwashi. Watoto wasicheze na mabaki.

Chasisi

Kata vipande kutoka kwenye bati juu ya ubao mgumu kwa kisu imara, si mkasi. Mkasi unapinda kingo. Vishikizo vinavyobaki vipunguze kwa tupa mpaka ukipitisha kucha usisikie kitu.

Anza na mikono inayounganisha magurudumu. Kwa kawaida kila mkono ni tabaka mbili zinazolehemiwa pamoja. Zipange kwa kupitisha biti au vijiti vya mbao kwenye matundu ili tabaka zisipishane, lehemu, kisha zungusha tupa kwenye kingo mpaka mshono upotee. Kwa nini mikono kwanza? Kwa sababu umbali kati ya matundu ya mikono lazima ufanane na umbali kati ya ekseli, na njia ya uhakika ni kutumia mikono yenyewe kama kipimo unapofunga bushi za ekseli, vile vipete ambamo ekseli huzunguka, kwenye fremu.

Lehemu bushi za ekseli moja kwanza. Halafu pitisha fito ndefu za chuma zenye kipenyo cha ekseli, nje zikiwa zimepunguzwa unene ili ziingie kwenye matundu ya mikono, vika mikono juu yake, na uache bushi zilizobaki zijipange zenyewe kabla ya kuzilehemu. Fito ziwe ndefu makusudi, sentimita 10 hivi, kwa sababu kosa lisiloonekana kwenye ekseli fupi linajionyesha waziwazi mwishoni mwa fito ndefu. Ziangalie kutoka juu: ziko sambamba? Ziangalie kutoka mbele, jicho likiwa usawa wa meza: zimelala mstari mmoja? Usiendelee kwa kujipa moyo.

Fremu mbili huunganishwa na vipande vya katikati. Seti nyingine hutoa vipande vya upana tofauti kwa njia tofauti, hivyo hakikisha umechukua vya milimita 12. Gusisha lehemu nukta moja kila kona, weka chasisi juu ya kioo, bonyeza kona kwa kidole. Ikitikisika, yeyusha nukta moja, iache itulie yenyewe, angalia tena. Pima pembe kwa skwea. Ikikaa sawa ndipo ujaze viungo, ukiruka kutoka kona moja hadi ya mshazari wake ili joto lisivute upande mmoja.

Osha, kausha, panua matundu ya bushi kwa kitobozi mpaka ekseli izunguke bila kukwaruza na bila kucheza. Vika magurudumu. Hapa kuna jambo linalowashinda wengi: pini za mikono za upande wa kulia na za kushoto hupishana kwa robo mzunguko, nyuzi 90, na pembe hiyo lazima ifanane kwenye ekseli zote tatu. Kufanana ni muhimu kuliko 90 yenyewe. Ikiwa 88 kwenye zote, kichwa kitatembea, lakini 90, 90 na 86 kitakwama. Ukiweza agiza kifaa cha kupangia. Usipoweza, simamisha chasisi mbele ya karatasi yenye mistari ya wima na ulinganishe tindi za gurudumu moja na jingine.

Vika mkono wa upande mmoja tu. Zungusha. Kisha wa pili. Ukisikia kigugumizi, tafuta kinapotokea: kikitokea mara mbili kwa kila mzunguko, mara nyingi tundu la mkono limebana, na upanuzi wa nywele mbili kwa kitobozi unatosha. Kikibaki baada ya hapo, shuku pembe ya gurudumu. Usipanue matundu yote kwa hasira, maana mikono iliyolegea inafanya kichwa kitembee kwa kuchechemea na huwezi tena kurudisha shaba uliyoitoa.

Sasa inamisha kioo. Chasisi iserereke kwa uzito wake, polepole, na isimame taratibu bila kugonga. Ikishafaulu hapo, funga mota. Kati ya gia ya skrubu na gia ya ekseli weka kipande cha karatasi nyembamba ya daftari, kaza skrubu za mota, zungusha gia mpaka karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo uhuru unaotakiwa. Jaribu kwa betri ya volti 9. Mota za njia hizi ni za volti 12 za umeme mnyoofu, hivyo betri hiyo inatosha kuona kila kitu. Acha izunguke hewani robo saa kila upande.

Kuhusu kukusanya umeme: waya mwembamba wa shaba ngumu, milimita 0.3, unagusa nyuma ya gurudumu kwa wepesi. Ukibana sana unageuka breki. Pima kwa mita kwamba upande wa kulia na wa kushoto havigusani popote, kwa sababu kwenye kichwa cha brasi kila kitu ni njia ya umeme.

Mwili

Jukwaa la kutembelea, lile bati refu linalozunguka kichwa chote, ndilo msingi, nalo linataka unyoofu wa kioo. Kwenye mistari ya kukunjia iliyochongwa nusu, mstari hubaki ndani ya mkunjo. Kunja kwa rula mbili za chuma zilizobanwa kwenye jiliwa, mkunjo mmoja kwa tendo moja. Brasi iliyokunjwa na kunyooshwa mara kadhaa hukatika. Kisha mimina lehemu ndani ya kona yote ili ishike.

Boila mara nyingi huja ikiwa imeviringishwa. Kama bado ni bapa, chukua soli laini ya kandambili kuukuu, weka bati juu yake na ulibiringishe kwa bomba jembamba kuliko boila, ukibonyeza. Soli inazama kidogo na bati linafuata. Endelea na bomba dogo zaidi mpaka kingo zikutane zenyewe. Likigoma, lipashe kwa moto wa gesi mpaka liwe jekundu lililofifia, liache lipoe, litalainika. Usifanye hivyo kwenye bati lenye vijiribiti vyembamba vilivyochongwa juu yake.

Matangi na kibanda lehemu kutoka ndani. Kiungo kirefu kiguse mwanzo, mwisho, katikati, halafu ujaze nusu nusu kwa kupokezana. Kila baada ya hatua, vika mwili juu ya chasisi na uone kama mikono haigongi ngazi na mota haigusi boila. Hili linachosha, lakini mwili usiokaa kwenye chasisi unagunduliwa mapema au unagunduliwa baada ya rangi.

Vitu vidogo, yaani mabomba, vishikio, taa na kengele, vinakuja mwisho na vinatumia lehemu ya nyuzi 145, chuma kikiwa karibu na 280. Ndiyo faida ya kuwa na lehemu za joto tofauti: kubwa zilizoshikwa kwa 190 hazistuki. Kipande cha kusubu paka lehemu nyuma yake kwanza, kiweke mahali pake na flaksi, gusa kwa nje mpaka kizame. Kilicho jirani kikinge kwa pamba iliyolowa au pini ya nywele. Waya wa kishikio, milimita 0.3 au 0.4, upitishe kwenye matundu, ulehemu kwa ndani, na mkia ukate.

Madini meupe laini yanataka tahadhari. Chuma cha nyuzi 350 kinaligeuza bomba la moshi kuwa kidimbwi. Shusha joto chini ya 200 na utumie lehemu ya 70, ukiwa umepaka upande wa brasi lehemu ya kawaida kwanza. Ukikosea, chovya kwenye maji yanayochemka na kipande kitaachia. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, bado ni zaidi ya kinachohitajika. Anayeona hayo yote ni usumbufu atumie gundi ya Araldite. Kwa bomba la moshi inatosha kabisa.

Risasi za kubalansia zipange ndani ya boila na matangi, uzito ukae juu ya magurudumu makubwa. Zishike kwa Araldite. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie: risasi ikikutana nayo hujibadilisha na kuvimba taratibu, na baada ya miaka kadhaa inapasua mishono.

Kuosha

Kila siku ukimaliza kulehemu, osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Usiache flaksi ilale. Viungo vya kijani kesho yake asubuhi ni asidi iliyokuwa kazini usiku.

Kabla ya rangi, kwangua lehemu iliyozidi kwa kisu butu na tupa, malizia kwa msasa namba 1000. Loweka mwili kwenye maji ya ndimu au siki kwa dakika 10, brasi itabadilika kuwa na uso mmoja uliofifia. Suuza, pitisha kwenye maji yenye magadi soda kutuliza asidi, suuza tena. Fundi simu mwenye mashine ya mawimbi ya kuoshea sakiti anaweza kukutolea uchafu wa kwenye kona kwa dakika mbili, ila mwambie asizidishe. Vitu vidogo vilivyoshikwa kwa shida hudondoka. Suuzo la mwisho liwe la maji ya betri yasiyo na asidi, maana ya bomba huacha madoa yakikauka. Kuanzia hapo shika kwa glavu. Alama ya kidole haionekani leo. Itaonekana rangi ikibanduka ikiwa na umbo la kidole chako.

Rangi, na hali ya hewa ya nyanda za juu

Brasi haishikani na rangi ya kawaida. Inataka praima inayong'ata chuma, ile yenye asidi kidogo ndani yake, na maduka ya rangi za magari huwa nayo. Uliza praima ya aluminiamu na mabati, soma kopo. Praima ya kawaida ya kijivu itapendeza mpaka siku kichwa kitakapogonga ukingo wa meza.

Msimu una maana. Novemba hadi Aprili, mvua ikinyesha na ukungu ukitanda, rangi ya thina hukauka ikiwa na weupe kama pumzi kwenye kioo, kwa kuwa unyevu unanaswa ndani yake. Juni na Julai ni baridi: rangi inatoka kwa matone na haitandazi. Septemba na Oktoba kuna upepo na vumbi. Kwangu Mei na Agosti ndiyo miezi ya kupulizia, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ndani ya chumba kilichomwagiwa maji kidogo sakafuni ili vumbi litulie. Siku za baridi, kopo la kupulizia lisimamishe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache, yasiwe ya moto, na mwili wa modeli uuweke juani upate joto la mkono.

Kopo lishike sentimita 20 hadi 25 mbali. Eabrashi, yaani bomba dogo la kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, sentimita 5 hadi 8 kwa mgandamizo mdogo. Anza kupuliza nje ya modeli, pita, malizia nje. Tabaka la kwanza liwe vumbi tu, brasi ionekane. Ndani ya pembe za kibanda na chini ya boila ndiko rangi inakokataa kufika, hivyo anza huko, ubavu uje mwishoni. Kompresa yenye tangi ni bora kuliko isiyo nalo: umeme ukikatika katikati ya pito, hewa iliyobaki inakutosha kumaliza upande huo.

Funika bushi, sehemu za gurudumu zinazogusa reli, na waya za umeme kwa tepu ya karatasi. Chasisi na mwili vipakwe mbalimbali.

Boksi la kadibodi lenye balbu ya zamani inayotoa joto linatosha kukaushia. Lisizidi nyuzi 50 kama ulitumia lehemu ya 70, usije ukakuta bomba la moshi limelala. Acha usiku kucha, kisha pitisha msasa namba 2000 wenye maji palipo na chenga.

Nyeusi tupu kutoka kwenye kopo ni kosa la macho. Kwenye kitu kidogo hivi inameza kila undani, na vishikio ulivyovihangaikia hutaviona. Changanya na kijivu na tone la kahawia. Boila iwe na mng'ao kidogo, chasisi isiwe nao. Mbao za mbele na nyuma zenye vigingi vya kuunganishia, kama modeli yako inataka nyekundu, zipakwe kwa brashi baada ya nyeusi kukauka siku mbili.

Bamba za namba ni kazi tamu. Zipake nyeusi zikiwa bado kwenye bati lake. Zikikauka, funga msasa namba 1500 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka na upitishe juu yake mara chache bila kubonyeza. Rangi inaondoka kwenye tarakimu zilizoinuka peke yake, brasi inang'aa, na ndani kunabaki kweusi. Angalia kila baada ya mapito mawili. Ukitumia msasa kwa kidole badala ya mbao, kidole kinazama katikati ya tarakimu na kuchukua rangi ya chini pia. Bandika kwa vanishi, si supaglu, ambayo moshi wake huacha ukungu mweupe juu ya nyeusi.

Kwa anayetaka kichwa kilichofanya kazi, nenda stesheni ya Tazara uangalie mabehewa: vumbi halikai sawa kila mahali. Linapanda kutoka chini, linakoza karibu na magurudumu, linapungua kuelekea juu. Saga chaki ya kahawia na mkaa, chukua kwa brashi laini, piga kuanzia chini. Kwenye kichwa cha mvuke ongeza michirizi myeupe hafifu chini ya vali za maji, na masizi juu ya boila nyuma ya bomba la moshi. Acha mapema kuliko unavyotamani. Kisha puliza vanishi isiyong'aa kwa mbali, ukijua itafifisha nusu ya vumbi uliloweka.

Unganisha tena. Futa rangi kwenye magurudumu kwa kijiti cha pamba na thina, na chini ya waya za umeme kwa msasa mwembamba. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila bushi, kwa ncha ya sindano; ukizidisha yanapanda kwenye magurudumu na kukata umeme. Kiendeshe nusu saa kila upande kwa mwendo wa taratibu, bila mabehewa, na ukague pini za mikono kabla ya kukifunga kitu nyuma yake, maana rangi iliyokuwa chini ya vichwa vyake hukwanguka na zikalegea.